Picha ya Nahodha na Jora la Merikani

Hapa Jeffersontown, pembezoni mwa Louisville, nyumba moja ya jamaa zetu wenye asili ya Unguja imetundika ukumbini nakala ya picha ya nahodha Ahmad bin Naaman, kilemba kichwani. Asili yake, iliyochorwa na Edward Mooney mjini New York mwaka 1840, imehifadhiwa katika makumbusho ya Peabody Essex, Salem.

Kisa chake tunakijua. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na miaka saba baadaye akaituma merikebu yake, Sultana. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 na tende, buni, pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Rais Van Buren aliletewa farasi wawili wa Kiarabu, lakini katiba yao haimruhusu rais kujipokelea hidaya ya mfalme, basi farasi wakauzwa. Serikali ikaikarabati merikebu kwa gharama yake.

Tunayasimulia haya kwa fahari, wala fahari hiyo siilaumu. Ila shehena ya kurudia hatuitaji. Sultana ilipong'oa nanga mwezi Agosti ilichukua bunduki, baruti, ushanga, na majora ya nguo ya pamba isiyotiwa rangi: merikani.

Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, Massachusetts na jirani zake, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kiafrika katika majimbo ya kusini. Ikifika Unguja ilifungwa mitumba, ikapandishwa bara na misafara, ikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Watu hao wakateremshwa pwani, na katika mashamba ya karafuu wakavishwa merikani ile ile, au kaniki, ambayo aghalabu ni merikani iliyotiwa nili. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara na nguo za Bombay zikashika soko, jina likabaki. Baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa Unguja, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Vazi liliwatangazia uhuru kuliko cheti chochote.

Siku moja niliyaeleza haya barazani. Mama mmoja jirani, mzaliwa wa Kivu, aliyefika Louisville kwa ukimbizi, alikuwa akimimina chai.

"Mzee, bibi yetu alikuwa anaita amerikani," akasema. "Ninyi ndio mulikuja nayo. Sisi ndio tulinunuliwa nayo."

Hakusema kwa ukali. Akaniongeza sukari.

Ninalo daftari la babu mzaa babu yangu, kwa hati za Kiarabu. Nimehama nalo kutoka Unguja hadi Maskati, na kutoka Maskati hadi hapa. Safu ya kwanza ni ya majora, ya pili ni ya pembe. Ya tatu ina kichwa cha neno moja, ruus, yaani vichwa, na chini yake tarakimu. Nilipowafasiria wanangu, miaka mingi iliyopita, niliwasomea safu mbili. Nao hawakuuliza, maana Kiarabu hawakukisoma.

Nimewaalika Ijumaa ijayo, pamoja na wajukuu. Na yule mama nimemwomba aje.