Kisumu: Mji na Mstari Wake

Tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufuoni mwa Ghuba ya Winam, mashariki mwa Ziwa Viktoria. Kituo cha mwisho kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia kazi ya kutandika njia. Wakati huo eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka uliofuata lilihamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Waluo wa hapo walikuwa tayari na maboma, mashamba na soko lao. Mji ulijengwa katikati yao, nao wakawekwa nje ya mpaka wake.

Maafisa wa Kizungu walijichagulia mwinuko unaolitazama ziwa, mahali panapoitwa Milimani. Viwanja vilipimwa vikubwa, nyumba zikakaa mbalimbali, miti ikapandwa kandokando ya barabara. Karibu na stesheni na bandari wakakaa wafanyabiashara wa Kihindi, duka mbele na familia nyuma au ghorofani. Alidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, alikuwa na lake hapa. Waislamu, wakiwemo Waswahili na Wanubi, walijenga Kaloleni, mmoja wa mitaa mikongwe ya Waafrika mjini.

Utengano huo ulitetewa kwa jina la afya. Malaria na tauni zilihofiwa, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kuchunguza hali ya usafi. Akapendekeza kila jamii iwe na makazi yake. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza iliachana na sera ya kutenga makazi ya mijini kwa rangi, lakini nyumba, mabomba na barabara vilikuwa vimeshawekwa. Baada ya uhuru wa 1963 Milimani ilipata wakazi wapya, wakubwa wa serikali na wenye mali, huku viwanja vikibaki na ukubwa uleule.

Badiliko zito zaidi lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka wa manispaa uliposogezwa nje. Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani, vilivyokuwa vijiji vilivyouzunguka mji kama mkanda, vikawa mitaa ya mji. Lakini havikuingia kwa namna ilivyoingia Milimani. Milimani ilipimwa kwanza, ikajengwa baadaye. Nyalenda ilikuwa ardhi ya ukoo, yenye maboma na makaburi ya mababu. Baba aliwagawia wanawe, wana nao wakagawa tena, na kila kipande kikajengwa safu za vyumba vya kupangisha: kuta za udongo au matofali, paa la mabati, choo kimoja cha shimo kwa wapangaji wote. Pa kupitisha barabara au mtaro hapakuachwa, wala manispaa haikuwa na haki ya kumega ardhi ya mtu bila fidia.

Hapo Kisumu inatofautiana na Nairobi. Kibera ilikua juu ya ardhi ya serikali, na wenye vyumba wengi wanaishi kwingine. Nyalenda na Manyatta, mara nyingi mwenye nyumba hulala kwenye ploti ileile na wapangaji wake. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata na maji hukosa njia. Visima vifupi viko hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na kipindupindu kimerudi zaidi ya mara moja. Adha hiyo humpata mwenye hati miliki sawasawa na mpangaji wake.

Migosi inaonyesha njia nyingine. Huko viwanja vilipimwa na huduma kutandazwa kabla ya watu kuanza kujenga. Nyumba zake hazina fahari ya Milimani, ila barabara zake zinapitika. Nako Nyalenda, kampuni ya maji ya mji ilianza kuwauzia wasimamizi wa mtaa maji kwa jumla, nao wakayafikisha kwenye vioski na nyumba. Mtaa uliochelewa kupata bomba ukaanza kulipata bila kubomolewa.

Siku hizi matajiri wapya wanapanda vilima vya Riat, kaskazini mwa uwanja wa ndege, kama maafisa wa kwanza walivyopanda Milimani. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001, miaka mia moja baada ya reli kufika. Anayelinganisha mitaa yake asiishie kutazama kuta na mageti. Aulize mtaa uliingia lini kwenye ramani, na kama mpimaji alitangulia mjenzi au alimfuata. Wakazi wa Nyalenda na Manyatta hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowafuata nyumbani kwao, na kwa sababu hiyo unawadai kidogo na unadaiwa nao mengi. Deni la kwanza ni mitaro na maji safi, nalo lilipwe kabla barabara za Riat hazijatiwa lami zaidi.