Stesheni ya Sultan Hamud: Kutoka kambi ya maili 250 hadi kupitwa na abiria

MJI wa Sultan Hamud, katika Kaunti ya Makueni, ulipewa jina na reli kabla haujawa mji. Wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa, mahali hapo palijulikana tu kama maili 250, yaani takriban kilomita 400 kutoka Mombasa. Sultani wa Zanzibar, Hamud bin Muhammad, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, aliwatembelea wajenzi wa reli mahali hapo, na stesheni ikaitwa kwa jina lake.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Nairobi mwezi Mei, 1899. Ilikuwa reli yenye upana wa mita 1 na njia moja tu. Kwa sababu hiyo, magari yaliyotoka bara na yaliyotoka pwani hayangeweza kukutana popote ila penye stesheni.

Mpangilio wa stesheni ndogo za reli hiyo ulitokana na haja hiyo. Kando ya njia kuu ilitandikwa njia ya kupishia, iliyounganishwa nayo pande zote mbili. Gari moja liliingia humo na kungoja hadi jingine lipite. Stesheni masta hakuliruhusu gari kuondoka kabla ya kuhakikishiwa na mwenzake wa stesheni iliyofuata kwamba njia ilikuwa wazi. Palikuwapo pia njia za kando za kuegesha mabehewa.

Njia hizo za kando zilikuwa na visa vyake. Mnamo Juni 1900, katika stesheni jirani ya Kima, ofisa wa polisi C. H. Ryall aliegesha behewa lake kwenye njia ya kando akimwinda simba aliyekuwa akiua watu. Kwa mujibu wa maelezo ya J. H. Patterson, njia hiyo haikuwa imesawazishwa vyema na behewa liliinama upande. Simba alipoingia, behewa lilizidi kuinama na mlango wa kuteleza ukajifunga. Simba huyo alimuua Ryall na kumtoa nje kupitia dirishani.

Kupishana huko, pamoja na haja ya injini za mvuke kujazwa maji, kulifanya magari yasimame mara kwa mara. Penye kusimama gari, abiria walipanda na kushuka, na biashara ikaota mizizi. Ndivyo miji kadhaa ya ukanda huo ilivyokua.

Usimamizi ulibadilika mara nyingi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake. Mwaka 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, ambayo mkataba wake ulikatizwa mwaka 2017.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka huohuo. Reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, ilizinduliwa Mei 31, 2017, na safari za abiria kati ya Nairobi na Mombasa kwenye reli ya zamani zikakoma.

Reli hiyo mpya nayo ni ya njia moja, na magari yake hayana budi kupishana. Hata hivyo, sehemu nyingi za kupishania hazipokei abiria. Kati ya miji hiyo miwili, abiria wana stesheni 9 pekee: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na Nairobi.

Hivyo, mambo mawili ambayo reli ya zamani iliyaweka pamoja, kupishana kwa magari na kupanda kwa abiria, yametenganishwa. Kwa mwendeshaji wa reli, utaratibu huo hupunguza vituo na kufupisha safari. Kwa miji iliyozaliwa na kusimama kwa gari, maana yake ni kupoteza wasafiri na wateja waliokuja nao.

Mkazi wa Sultan Hamud anayetaka kusafiri kwa garimoshi hulazimika kwanza kufika Emali, mji jirani ulio upande wa Mombasa, kwa matatu au gari jingine. Kwa kuwa barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapita mjini mwake, wengi huona ni heri kuendelea na safari kwa basi.