Mkia wa Neno: Juu ya Mazoezi ya Sarufi na Usomaji wa Kiingereza Mjini Gisenyi

Jioni moja, katika nyumba iliyo hatua chache kutoka mpaka ule mdogo, kati ya Rwanda na Kongo, ambao watu wa Gisenyi na wa Goma huuita kwa jina lake la Kifaransa, Petite Barrière, binti wa darasa la tano alinisomea kutoka daftari lake sentensi aliyopewa shuleni kwa zoezi la nyumbani: "The woman carries onions to Goma every day." Kidole chake kilipita juu ya kila herufi bila kuruka hata moja, na macho yake bila shaka yaliziona zote, lakini kilichotoka kinywani kilikuwa "The woman carry onion to Goma every day", na aliposoma mara ya pili na ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi kwa kuwa alidhani kosa lake ni woga, zile s mbili hazikutokea. Nikamwomba anieleze maana, naye akanieleza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, pasipo kasoro, tena akaongeza la kwake, kwamba shangazi yake naye hubeba vitunguu vivyo hivyo kila asubuhi. Maana aliipata yote. Kilichompotea ni mkia wa neno.

Kosa hili kila mwalimu wa Kiingereza katika wilaya ya Rubavu analijua, na aghalabu dawa yake ni ile ile: kanuni huandikwa ubaoni, darasa zima huiimba kwa pamoja, kisha huja sentensi kumi zenye mapengo, na mtoto hujaza s kumi. Kesho yake akisoma, s zimekwisha kutoweka. Shabaha ya makala haya ni kudai kwamba dawa hiyo haiponyi kwa sababu imemchukulia mtoto wa Gisenyi kuwa ni chombo kitupu, ilhali yeye huingia darasani akiwa na sarufi mbili kamili kichwani mwake, ya Kinyarwanda na ya Kiswahili, na kwamba zoezi lolote la Kiingereza ambalo halianzi kwa kuziuliza sarufi hizo mbili zinasemaje juu ya jambo lenyewe hupoteza nusu ya nguvu zake kabla chaki haijagusa ubao.

Tuitazame kwanza ile s. Lugha zetu za Kibantu huweka habari zilizo kubwa mwanzoni mwa neno: husema anasoma na wanasoma, na Mnyarwanda husema arasoma na barasoma, na katika jozi hizo mbili umoja na wingi, na nani atendaye, hujulikana kabla mzizi wa kitenzi haujatamkwa. Kadhalika majina: kitunguu na vitunguu, umuntu na abantu. Sikio la mtoto, tangu angali akinyonya, limezoezwa kukaa mlangoni mwa neno na kupokea habari hapo. Likisha kuipokea hupumzika, na neno hujiishia lenyewe kwa irabu nyepesi. Kiingereza kimegeuza nyumba hiyo, kikauweka mlango nyuma: "carries", "onions", "carried". Mtoto anayeiacha s si mzembe wala si mzito wa ulimi. Amesikiliza mahali ambapo lugha mbili zimemfundisha kusikiliza, na hapo Kiingereza hakikuweka kitu.

Walakini isidhaniwe kwamba mkia wa neno ni nchi ngeni kwake kabisa. Kinyarwanda chenyewe huweka habari za wakati mwishoni: kutoka gusoma hupatikana yasomye, amesoma, na kutoka gukora hupatikana yakoze, amefanya kazi, ambamo mwisho wa neno umebadilika na kuibadilisha hata konsonanti iliyoutangulia, na hupatikana yasomaga, alikuwa akisoma kwa mazoea. Fauka ya hayo, Kiswahili kinachovuka mpaka kutoka Goma, ambacho walimu wetu wengi hukiona kuwa ni upotovu wa lugha, kina kiambishi cha mazoea mwishoni mwa kitenzi: mtu wa Goma husema anasomaka kila siku, anabebaka vitunguu kila asubuhi. Mwalimu atakayemwambia mtoto, "Ile s ya Kiingereza hukaa pale pale inapokaa -ka ya shangazi yako, ila Kiingereza huitumia kwa yule mmoja tu anayesemwa, si kwa mimi wala kwa wewe wala kwa wale," atakuwa amempa mahali pa kuishika. Tofauti baina ya viambishi hivyo viwili ni kubwa, nami siifichi. Lakini tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, kwa kuwa hakuna awezaye kuziona tofauti za vitu viwili asipoviweka kwanza pamoja.

Mifano ya namna hii ni mingi kuliko walimu wanavyodhani, na baadhi yake ni ya thamani kubwa. Hakuna jambo linalowasumbua wanafunzi wetu kama vile vijineno viwili, "a" na "the", ambavyo husemekana havina kifani katika lugha zetu. Kama vijineno, havina. Kama fikra, vinacho. Nisemapo nimesoma kitabu, kitabu hicho chaweza kuwa chochote. Nisemapo nimekisoma kitabu, msikilizaji hujua kwamba tunakisema kile tukijuacho sote wawili, na Mnyarwanda naye akisema igitabo nagisomye hufanya kazi iyo hiyo kwa kiambishi -gi-. Mtoto huyapambanua mambo hayo mawili kila siku, bila kufunzwa na mtu. Kinyume chake ni "he" na "she": hapo lugha zetu hazina msaada, maana yeye ni yeye, na kiambishi a- hakiulizi kama atajwaye ni mume au mke, na kwa sababu hiyo hata msomi mkubwa wa Kinyarwanda au wa Kiswahili, akiwa amechoka, humwita mkewe "he". Zoezi la jambo hili lafaa liwe refu na la mara kwa mara, kwa kuwa ni jipya kabisa. Ila muda wa zoezi hilo hauonekani, kwani umekwisha kutumika kufundisha kama kwamba ni mapya mambo ambayo mtoto alikuwa nayo.

Msomaji atakumbuka hali ambayo masomo haya yamepitia nchini Rwanda. Baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1978, shule ya msingi ilifundisha kwa Kinyarwanda. Baada ya mwaka 1994 Kiingereza kilikaa pamoja na Kifaransa. Mwezi wa Oktoba 2008 baraza la mawaziri likaamua kwamba mafunzo yote yawe kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kwa madarasa matatu ya mwanzo. Na Desemba 2019 ikatangazwa kwamba hayo nayo yaende kwa Kiingereza. Katikati ya hayo, mwaka 2017, Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya nne. Watu wazima wamejadiliana sana juu ya lugha ipi ifundishie; juu ya namna mtoto anavyozoezwa ile s, kila jioni, mbele ya daftari, hawakusema mengi, na mimi naona kwamba la pili ndilo lililoamua zaidi hatima ya watoto hao kuliko la kwanza.

Sasa nije kwenye usomaji, ambao nauona kuwa ni mzizi, na sarufi ni tawi lake. Maandishi ya Kinyarwanda na ya Kiswahili ni maaminifu kwa kiasi kikubwa: ajuaye herufi na miungano yake aweza kulisoma neno asilopata kuliona maishani. Mtoto aliyezoea uaminifu huo hukutana na Kiingereza kama mtu aliyeingia soko ambalo bei za asubuhi si za adhuhuri. Chukua herufi c. Katika Kinyarwanda hutamkwa kama ch ya Kiswahili, na mtoto huijua katika umuceri, yaani mchele. Chakula kile kile kwa Kiingereza ni "rice", na c imekuwa s. Kwenye "cat" imekuwa k. Kwenye "chair" imeungana na h, ikarudi kwenye sauti aliyoijua nyumbani. Na neno hilo hilo "rice" lina tabu ya pili, kwa sababu Kinyarwanda hakipambanui r na l kwa maana, basi mchele huweza kugeuka "lice", chawa, kinywani mwa mtoto asiye na hatia. Hapa tena Kiswahili ni ngazi iliyokwisha kusimamishwa: mtoto wa Gisenyi apambanuaye kula na kura, na mahali na mahari, anayo tofauti hiyo sikioni mwake, naye ahitaji kuambiwa tu kwamba ni ile ile. Sijapata kuona kitabu cha mazoezi ya Kiingereza kinachomwambia.

Michael West, aliyekuwa akifundisha Dhaka katika Bengal, alihoji katika kitabu chake cha mwaka 1926 kwamba kwa mtoto atakayeiacha shule mapema ujuzi wenye faida kubwa kuliko wote ni kusoma, maana hubaki naye hata akikosa mtu wa kuzungumza naye. Na kwa miaka mingi alishughulika na kuchuja maneno, hata orodha aliyoichapisha mwaka 1953 ikawa na maneno ya msingi takriban 2,000, ili viandikwe vitabu vyepesi ambavyo mtoto aweza kuvimaliza. Jirani zetu wa Tanzania waliifikia njia hiyo kwa mashaka: watafiti Criper na Dodd walipochunguza shule za sekondari mwaka 1984 waliwakuta wanafunzi wengi hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza, na katika mradi uliofuata, uliosaidiwa na Uingereza, vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa na kupangwa kwa ngazi vilipewa nafasi kubwa. Najua kwamba wanazuoni wengi wa Tanzania waliona, na wangali wanaona, kuwa tiba ya kweli ingekuwa kufundisha sekondari kwa Kiswahili, na katika hilo mimi nipo upande wao. Hata hivyo hoja ya vitabu vyepesi haianguki pamoja na mradi huo. Sentensi kumi zenye mapengo humwonyesha mtoto s kumi. Kitabu cha kurasa ishirini humwonyesha s mia kadhaa, kila moja ikiwa katika kazi yake, na bila ya mtu kumkaripia.

Na kitabu hicho kiseme habari gani? Nimeona watoto wa hapa wakisoma juu ya theluji na magari moshi ya chini ya ardhi, wakayatamka maneno vema na wasione chochote moyoni. Ilhali kila usiku wa giza, wakisimama ufukweni, huziona taa za wavuvi wa sambaza, mashua tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu iliyotokeza mbele na nyuma kama pembe, na huwasikia wavuvi wakiimba wanapotoka. Dagaa huyo mwenyewe ana kisa: hakuwamo katika ziwa Kivu, bali aliletwa kutoka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1950, akazaana. Kisa kama hicho, kikiandikwa kwanza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha maneno mia mbili, humfikisha mtoto kwenye ukurasa wa tatu akiwa anajua kinachosemwa, na macho yake yamepata nafasi ya kutazama kinavyosemwa. Rwanda haina upungufu wa waandishi wa watoto. Shirika la Bakame, lililoanzishwa mwaka 1995, limechapisha hadithi za Kinyarwanda kwa miaka mingi, na hadithi hizo zangoja mtu wa kuzifanyia kazi hiyo.

Yapo mapingamizi mawili ambayo siwezi kuyapita. La kwanza ni la wazazi, nao wana haki kusikilizwa: wanaogopa kwamba mwalimu akianza kuchanganya lugha, mtoto wao hatakipata Kiingereza, na Kiingereza ndicho cha mtihani na cha kazi. Nawajibu kwamba kulinganisha si kuchanganya. Achanganyaye husema nusu ya sentensi kwa lugha hii na nusu kwa lugha ile ili asifikiri. Alinganishaye huweka sentensi mbili nzima, moja chini ya nyingine, afikiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba ngazi nizisifuzo zina vipago vilivyooza. Ndivyo. Kiswahili hupambanua nimefika na nilifika jana karibu kama Kiingereza kipambanuavyo "I have arrived" na "I arrived yesterday", na mwalimu mwenye furaha ya kupata mfano huo ataufuata hadi kwenye amesimama, ambapo Kiingereza hakisemi "she has stood" bali "she is standing". Nilimweleza jambo hili binti yule yule, jioni nyingine, nikidhani litamkatisha tamaa. Aligeuza daftari lake, akaanza nyuma, akaandika safu tatu: amesimama, ahagaze, "is standing", amelala, aryamye, "is sleeping", amekaa, yicaye, "is sitting", amevaa, yambaye, "is wearing". Akagundua mwenyewe, na mimi sikuwa nimemwambia, kwamba Kinyarwanda na Kiswahili vyote viwili hulihesabu tendo kuwa limekwisha pale mtu alipoingia katika hali, na Kiingereza hulihesabu kuwa linaendelea madhali hali yenyewe ipo. Tulifika vitenzi tisa kabla ya adhana ya magharibi. Cha kumi alikileta siku ya pili, akihema, amekipata njiani kutoka mpakani.

"Mwalimu, na amebeba! Shangazi yikoreye vitunguu. Si amekwisha, bado viko kichwani."

"Basi andika, mwanangu."

Akaandika kwa Kiingereza kwamba shangazi amebeba vitunguu, "is carrying", akaweka s mwishoni mwa "onions", kisha akaisoma.