Willys MB: matatizo ya betri na uwashaji

Willys MB ni gari dogo la kijeshi linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililotengenezwa na kampuni ya Willys-Overland mjini Toledo, Ohio, Marekani, kuanzia 1941 hadi 1945. Ford iliunda gari la namna hiyohiyo kwa jina la GPW, na jumla ya magari yote ilipita 600,000. Watu wengi huliita jeep tu. Makala haya yanahusu kasoro yake inayojulikana kuliko zote: stata kuzunguka kivivu na betri kulaumiwa bila hatia.

Mfumo wa umeme

MB hutumia umeme wa volti 6, upande wa hasi ukiwa umefungwa kwenye bodi. Betri ya asili, aina ya 2H, ina seli 3 zenye bamba 15 kila moja na uwezo wa ampea-saa 116. Injini ni ya silinda 4, lita 2.2, na mbano wake ni 6.48 kwa 1 tu, kwa hiyo si injini nzito kuizungusha. Stata na jenereta ni za Auto-Lite. Stata haina solenoidi. Dereva hukanyaga swichi iliyo sakafuni, na umeme wote unaokwenda kwenye stata hupita katika shaba ya swichi hiyo.

Volti 6 zilitosha kabisa kwa gari hili likiwa jipya, lakini mfumo huu hauvumilii uzembe. Ili kupata nguvu ileile, stata ya volti 6 huvuta ampea mara mbili ya stata ya volti 12. Chukua waya na maungio yenye ukinzani wa omu 0.005 kwa jumla. Stata ikivuta ampea 200, volti 1 nzima hupotea njiani, yaani sehemu moja kati ya sita ya umeme uliopo. Kwenye gari la volti 12 linalovuta ampea 100, maungio yaleyale hupoteza nusu volti, sehemu moja tu kati ya 24, na dereva hatambui lolote. Kutu isiyoonekana kwa macho inatosha kuifanya MB isiwake asubuhi.

Kutafuta umeme unapopotelea

Betri hupimwa kwanza, kwa kuwa bila betri iliyojaa vipimo vingine havina maana. Ikiwa imejaa na kupumzishwa saa kadhaa, betri ya volti 6 husoma kati ya 6.3 na 6.4, na haidromita huonyesha karibu 1.265 katika kila seli. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, betri imekwisha na kuichaji hakutaifufua. Gari linalowashwa mara moja kwa mwezi huua betri kwa njia nyingine: betri hupoteza chaji yenyewe, hasa kwenye joto, kisha salfati hugandamana juu ya bamba. Betri ya namna hii inaweza kusoma volti nzuri na bado ikaanguka mara tu stata inapokanyagwa. Ndiyo maana kipimo cha haki ni kile kinachochukuliwa stata ikizunguka. Volti kwenye nguzo za betri zikibaki juu ya 4.8 hivi, betri si mkosaji.

Hapo ndipo fundi mzuri hutofautiana na mbadilishaji wa vipuri. Voltimita huwekwa ncha moja kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, na ncha nyingine kwenye kichwa cha stata, huku mtu mwingine akikanyaga swichi. Kinachosomwa ni umeme uliopotea njiani. Kipimo hurudiwa kipande kwa kipande: kibano, waya, pande mbili za swichi, waya wa pili. Kisha upande wa bodi hupimwa vivyo hivyo, kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye ganda la stata. Kila kipande kisipoteze zaidi ya volti 0.2. Kinachozidi hapo kifunguliwe, kisuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha kikazwe upya. Mwenye gari akiruka hatua hii atanunua betri mbili na stata moja kabla ya kurudi palepale.

Mkosaji wa kwanza, kwa kawaida, ni waya mwembamba. Waya zinazouzwa madukani zimekusudiwa magari ya volti 12. Volti 6 zinahitaji waya mnene, milimita za mraba 50 hadi 70.

Mkosaji wa pili ni upande wa bodi. Injini ya MB hukaa juu ya raba, kwa hiyo haigusani vizuri na chesisi, na utepe wa shaba uliosukwa ndio unaoziunganisha. Utepe huo ukikatika au ukisahauliwa, umeme hutafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia waya wa choki au wa kabureta, ambao hupata moto na hata kutoa moshi. Dalili hiyo haina budi kuheshimiwa. Inasikitisha kwamba magari yaliyorekebishwa kwa mapenzi makubwa huathirika zaidi: chesisi hupakwa rangi nzito hadi kwenye matundu ya bolti, na rangi haipitishi umeme. Wakati wa vita, magari yenye kinga dhidi ya mikwaruzo ya redio yaliandikwa herufi S baada ya namba, nayo yalifungwa tepe nyingi za aina hii na washa zenye meno zinazouma chuma.

Hendeli kama kipimo

Stata inapovuta volti hadi chini, koili nayo hunyimwa, na cheche hudhoofika wakati inapohitajika zaidi. MB inayokataa stata lakini ikawaka mara ya kwanza kwa hendeli, injini ikizungushwa kwa mkono, imekwisha kujieleza: kabureta, plagi na kontakti ni nzima, na kasoro iko kwenye njia nzito ya umeme. Anayepiga hendeli avute kwenda juu, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke huvunja mkono.

Stata

Betri na maungio yote yakiwa mazima na stata bado ikizunguka kivivu, kasoro iko ndani ya stata yenyewe: kaboni brashi zilizoisha, au bushi zilizolika, ambazo huiacha amecha ikwaruze ganda.

Jenereta na regulata

Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, betri isome volti 7.2 hivi. Amita isipoelekea upande wa kuchaji, jenereta na mkanda wake vikaguliwe kabla ya regulata kuguswa. Regulata au jenereta ikibadilishwa, nguzo za B na A za regulata huunganishwa kwa waya kwa mguso mmoja tu kabla ya kuwasha, ili jenereta ijue upande wake. Wengi hulisahau hilo na kuchoma kipuri kipya.

Kugeuza kuwa volti 12

Stata ya volti 6 huzunguka kwa fujo ikipewa volti 12, na huumiza bendeksi na meno ya flaiwili. Balbu, koili, jenereta na geji hubadilishwa zote. Betri ya volti 8 hutumiwa na wengine kama njia ya mkato, lakini hufupisha maisha ya balbu na hulazimu regulata irekebishwe. Gari lenye waya mnene na maungio safi halihitaji lolote kati ya hayo.

Matumizi na urithi

Jeep zilitumiwa katika pande zote za vita, ikiwemo Burma, walikopigana askari wa King's African Rifles (KAR) mwaka 1944. Mwongozo wa matengenezo wa jeshi la Marekani, TM 9-803 wa Februari 1944, bado hutumiwa na mafundi. Gari lililofuata, M38 la mwaka 1950, lilipewa umeme wa volti 24.