Boma-kavu: ukuta wa kujengea chini ya maji

Anayetaka kujenga chini ya maji huanza kwa kuyaondoa maji. Huzungusha ukuta wa muda pale anapotaka msingi, huvuta maji yaliyonaswa ndani mpaka sakafu ya mto au ziwa ionekane, hujenga pakiwa pakavu, kisha huung'oa ukuta ule na kuyaacha maji yarudi kuizunguka kazi iliyokwisha kukomaa. Ukuta huo wa muda wahandisi wanauita kwa jina la Kiingereza ambalo ulimi wa Kiswahili huligeuza kofadamu. Mimi nauita boma-kavu. Kabla ya kulitetea jina hilo nataka msomaji auelewe ukuta wenyewe, kwa kuwa istilahi isiyotokana na kazi inayoitaja hubaki kwenye orodha za wataalamu na haifiki mdomoni mwa mtu.

Nalitafuta neno hili kwa ajili ya Kware, wadi ya Embakasi Kusini, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Huko wanaolihitaji ni watu wa namna mbili, na huenda wakawa ndugu wanaolala chumba kimoja: kijana anayecheza michezo ya kompyuta kwenye saiba, na kaka yake, mtu wa mkono kwenye mjengo, anayeshinda ndani ya mtaro wa msingi uliojaa maji ya mvua. Wa kwanza anajenga ngome chini ya ziwa la kubuni. Wa pili anapambana na maji ya kweli katika udongo mweusi wa Embakasi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kanuni inayowaongoza ni moja, na kila mmoja angeweza kumfundisha mwenzake lau wangekuwa na maneno ya pamoja.

Mchezo ninaousemea ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams. Ulitoka kwanza Agosti 2006, bure, ukiwa na herufi na alama tupu badala ya picha. Toleo hilo la herufi bado linatolewa bure, jambo linalowafaa sana wenye kompyuta kuukuu. Mwaka 2012 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York liliutia katika hazina yake, na Desemba 2022 likatoka toleo lenye picha. Mchezaji huanza na vibete 7 wa ngano za Ulaya, awaongoze wachimbe mlima, walime, wapike pombe na kujijengea makazi. Wazungumzaji wa Kiingereza huuweka katika kundi la michezo ya koloni. Kwa Mkenya koloni ni kipande shingoni na kodi ya nyumba, kwa hiyo mimi huuita mchezo wa kulea makazi, na sioni maana iliyopotea.

Maji ya mchezo huu yana tabia ya maji ya kweli kuliko mtu anavyotarajia. Kila mraba wa ramani hupimwa kina kuanzia 0 hadi 7. Wenye 7 umejaa pomoni. Maji yakifika 4 vibete hukataa kupita kwa hiari yao. Yakibaki 1 hukauka yenyewe baada ya muda. Shinikizo nalo lipo: ukiyateremsha maji kwenye mfereji kisha ukaupandisha mfereji upande wa pili, yatapanda mpaka yalingane na kule yalikotoka. Makazi mengi yamezama kwa sababu mchezaji alitoboa ukuta mmoja akidhani maji yatabaki chini.

Mwenye kutaka chumba chini ya ziwa ana njia kadhaa. Ya kwanza ni pampu za parafujo, zile zinazohusishwa na jina la Archimedes wa Ugiriki ya kale: bomba lenye msokoto ndani, likizungushwa hupandisha maji. Katika mchezo, pampu huvuta maji kutoka ngazi ya chini upande mmoja na kuyamwaga upande wa pili. Mchezaji huzipanga kulizunguka eneo, akaziendesha kwa mikono ya vibete au kwa gurudumu, na zikifanya kazi zote pamoja maji hupungua hadi kuta ziweze kuwekwa. Kibete mmoja akiona njaa akaiacha pampu yake, maji hurudi. Njia ya pili ni ya moto. Zaha ikimwagwa juu ya maji huwa obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Mchezaji huendelea kumwaga mpaka jiwe lienee kutoka juu hadi sakafuni, kisha huchimba vyumba ndani yake. Obsidiani yenyewe si ya ngano: ipo Eburu karibu na Naivasha, na Kariandusi, kando ya Ziwa Elementaita, watu wa kale waliichonga mashoka ya mkono. Ipo pia njia ya kungoja baridi igandishe ziwa na kuichimba barafu, nayo naipita.

Njia ya zaha inapendeza macho, lakini ya pampu ndiyo iliyobeba istilahi yetu, nayo ina miaka zaidi ya 2,000. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliieleza katika kitabu chake cha ujenzi alipofika kwenye habari za bandari. Kuta mbili za mbao zisimamishwe sambamba. Katikati yake ushindiliwe udongo wa mfinyanzi uliotiwa kwenye vikapu vya matete. Kisha maji yaliyozungushiwa yatolewe kwa parafujo na magurudumu mpaka pakauke. Mchezaji wa Dwarf Fortress angeusoma ukurasa huo na kuielewa kazi papo hapo. Kilichobadilika leo ni vifaa: mbao zimekuwa mabamba ya chuma yaliyokunjwa kingo ili yashikane, yakapigiliwa chini kwa nyundo ya mashine, na parafujo imekuwa pampu ya dizeli.

Kilichobaki vilevile ni uzito wa maji. Mita moja ya ujazo ina tani 1. Ziwa lenye kina cha mita 5 huusukuma kila upana wa mita 1 wa ukuta kwa nguvu ya tani 12 na nusu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini, ambako jicho halifiki. Hata hivyo hatari inayowatisha wahandisi zaidi haitoki mbele. Ndani pakikauka, maji ya nje hupita chini ya ukuta na kuibuka sakafuni, yakauinua mchanga hadi uonekane unachemka, na msingi wote wa ukuta ukalegea. Ndiyo sababu mabamba hupigiliwa kwenda chini kuliko sakafu itakayojengewa. Mara nyingi humwagwa pia zege la kuziba kabla ya maji kuvutwa, likipitia bomba linalofika chini kabisa ili lisichanganyike na maji njiani. Mtu wa mkono wa Embakasi anaijua hatari hii kwa miguu yake: amekwisha kuona mtaro ukitolewa maji asubuhi na kujaa tena mchana bila mvua kunyesha.

Sasa jina. Kofadamu lina faida ya kufanana na neno la vitabu vya vyuo vikuu, lakini sikio la Mswahili husikia damu mwishoni mwake, na mwanzo wake haumwambii chochote. Bwawa la muda linageuza maana juu chini, kwa kuwa bwawa huyaweka maji ndani, ilhali ukuta huu huyaweka nje. Lambo kavu ni baya zaidi: kwa mtu wa Ukambani hilo ni jina la njaa. Uzio lilinivuta kwa muda, maana wavuvi wa pwani hujenga uzio wa fito baharini. Ila uzio wao huzuia samaki na kuyapitisha maji.

Boma ni ua unaozunguka na kukinga kilichomo dhidi ya kilichoko nje, na maana hiyo inaeleweka kwa mfugaji, kwa mwanajeshi na kwa mjenzi. Kavu husema kinachopatikana ndani. Pingamizi lipo, na ni la Kenya hasa: kwetu boma ni nyumbani kwa mtu, na kavu ni kitu kisicho na kitoweo, kama ugali mkavu. Mtu anaweza kusikia boma-kavu akafikiria nyumba ya maskini. Nimelipima pingamizi hilo na bado nalichagua neno, kwa sababu penye mtaro, pampu na mabamba ya chuma maana ya pili haina pa kusimama. Nashauri kistari kibaki kwenye maandishi, na wingi uwe maboma-kavu.

Vitenzi vyake tunavyo tayari, navyo vimekaa kwenye jahazi. Baharia hasemi anaondoa maji chomboni. Husema anafua maji. Sehemu ya chini ya chombo yanakojikusanya ni ngama. Kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ni kukalafati. Mhandisi wa boma-kavu anazihitaji dhana hizo zote tatu: kishimo cha pembeni ambamo maji yanayovuja hukusanywa ili pampu iyafikie kiitwe ngama, kuziba maungio ya mabamba kuwe kukalafati, na kuendesha pampu kuwe kufua. Nasikitika kuona maneno haya yakifia pwani pamoja na vyombo vya matanga, wakati mijengo ya bara inayahitaji kila msimu wa mvua.

Neno zuri lina mipaka. Magunia ya mchanga yaliyowekwa milangoni Mukuru mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja si boma-kavu. Hayo ni tuta la kuzuia maji yasiingie mahali palipo pakavu. Boma-kavu huanza kazi mahali ambapo maji yamekwisha kuwapo. Chumba cha chini ya maji cha hoteli ya Manta, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, kilichofunguliwa 2013, nacho hakikujengwa hivyo: ni jengo linaloelea, limetiwa nanga, na kitanda cha mgeni kiko mita 4 hivi chini ya uso wa bahari. Nyumba ya Jacques Cousteau huko Sha'ab Rumi, pwani ya Sudan, ambamo watu wake waliishi mwezi mzima mwaka 1963 kwenye kina cha mita 10, iliyazuia maji kwa hewa iliyosindikwa, mfano wa kikombe kilichofudikizwa ndani ya beseni. Kanuni hiyo ya hewa ndiyo ya sanduku la kuzamisha, ambalo wengine huliita kaisoni. Ndani ya masanduku kama hayo mlichimbwa misingi ya daraja la Brooklyn, na wafanyakazi waliopanda juu haraka waliumwa viungo, wengine wakafa. Mhandisi mkuu Washington Roebling mwenyewe alipata ulemavu.

Mfano mkubwa wa boma-kavu katika Afrika Mashariki uko Jinja. Bwawa la Owen Falls lilijengwa kwa kuuzungushia Mto Nile kuta za muda, sehemu moja ikikaushwa huku maji yakipishwa kwingine, na Malkia Elizabeth II akalifungua Aprili 1954. Lilipojaa, maporomoko ya Ripon na ya Owen yalizama. Sehemu kubwa ya kazi waliyoiona wajenzi kwa macho yao, wakiwa wamesimama pakavu katikati ya Nile, leo haionekani na mtu.

Kware ina kisa kinachokwenda kinyume na hicho. Jina la mtaa ni neno la Kiingereza la timbo lililopewa irabu za Kiswahili, maana mawe yaliyoijenga Nairobi yalichimbwa pande hizo. Timbo ni kama boma-kavu ambalo kuta zake ni ardhi yenyewe: mchimbaji hushuka akilifuata jiwe, maji ya mvua na ya chini ya ardhi humfuata, na pampu huyafua. Jiwe likiisha, au bei ikianguka, pampu huondolewa. Shimo hujaa, takataka zikafuata, watoto wakaja kuogelea. Julai 2024 miili ya wanawake iliyofungwa kwenye magunia ilitolewa katika timbo la zamani la Kware lililogeuzwa jaa, na wakazi wenyewe walikuwa miongoni mwa walioshuka kwenye maji yale kuitafuta. Shimo liliyaficha hayo kwa sababu lilikuwa limeachwa lijae.

Kwa hiyo fasili yangu ina hatua tatu: kuzungusha, kufua, na kuondoa kwa mpango. Mchezaji asiyepanga hatua ya tatu huzamisha makazi yake. Mhandisi wa daraja huiandika kwenye mkataba kabla bamba la kwanza halijapigiliwa. Mwenye timbo ndiye aliyeachiwa hatua ya pili peke yake, ingawa uchimbaji wa mawe umo katika kazi ambazo sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inazitaka zifanyiwe tathmini ya athari. Kwake hatua ya tatu inaitwa kufukia. Akiitwa barazani kwa chifu aulizwe kwa maneno hayohayo: atafukia lini, nani atalipia mafuta ya pampu ya kufua maji hadi siku hiyo, na ua wa kuwazuia watoto utaanzia wapi.