Kupima Sukari Mchana wa Ramadhani

Kila mwaka tunaulizwa: je, mgonjwa wa kisukari akijichoma kidole kupima sukari, swaumu yake inabatilika? Haibatiliki. 

Tunalirudia kwa sababu wapo wazee wetu wanaongoja magharibi ndipo wapime. Utafiti wa EPIDIAR, uliohusisha nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili, sukari kushuka vibaya kuliongezeka mara 7.5 ndani ya Ramadhani. Na aina hiyo ndiyo ya wazee wengi.

Madaktari wameweka mipaka. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (mashine nyengine huonesha 70 na 300), mgonjwa afungue hapo hapo, hata kama adhana imebakia robo saa. Siku hiyo ataikidhi akiweza. Asiyetarajiwa kupona atalisha maskini. Dawa za futari na daku zipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama.

Wallaahu a'lam.