Ukuta mmoja, keja mbili

Uzi wa leo ni kuhusu ile kauli ya kila kampeni: ati ploti za vyumba vilivyoshikana hazijafikia viwango, zibomolewe. Nimelelewa Kabiro kwenye ploti ya aina hiyo. Jirani akipiga chafya, sisi ndio tunamwambia pole. Kwa hivyo hii kwangu si mada ya lekcha tu.

Swali langu ni moja: viwango vya nani?

Nyumba kushikana si kosa. London iliungua mwaka 1666, na sheria ya 1667 haikukataza nyumba kushikana. Ilisema kuta ziwe za matofali au mawe ili moto usivuke.

Hapa Nairobi, mkoloni mwenyewe alijenga vyumba vya kushikana. Angalia landi za reli pale Muthurwa: mistari mirefu, familia chumba kimoja, choo cha pamoja. Hesabu yake ilikuwa kwamba Mwafrika amekuja mjini kufanya kazi, si kuishi. Muthaiga nako, kila nyumba katikati ya bustani yake. Hiyo ndiyo ikabaki picha ya nyumba halali vichwani mwa wakubwa.

Dagoretti wakati huo ilikuwa rizavu, mashamba ya watu. Iliingizwa jijini mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Kisha 1968 zikaja kanuni za ujenzi zenye mizizi Uingereza. Zilikuwa za madaraja mawili, na lile la pili lilikuwa nafuu kidogo kwa nyumba za bei ya chini. Hata hilo lilimshinda mwenye shamba aliyetaka kupangisha watu wa kibarua. Akapiga mabati, akaendelea na maisha.

Na si kwamba njia ya kati haikujulikana. Mwaka 1975 mradi wa Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulipanga ploti kama 6,000 zenye maji na choo, watu wakajijengea vyumba polepole.

Shida ya Kabiro basi ni mabati. Nikiwa darasa la sita, moto ulianza chumba cha mwisho kwa jirani, na kabla maji hayajafika vyumba vinne vilikuwa vimeisha. Tulitoka na godoro na sare zangu za shule.

Mgombea akija na hadithi za tingatinga, muulizeni: ukuta wa mawe kati ya chumba na chumba utalipiwa na nani, na rent itapanda ngapi?

Mathe amesoma huu uzi, anasema niongeze na choo.